Soma waliokunukuu kabla hujawahesabu

Kwa karibu miaka miwili, kabla hata sijagusa chai, nilikuwa nafungua Google Scholar, tovuti inayohesabu makala zinazonukuu kazi ya mtafiti, kuangalia kama namba yangu imepanda. Ninatafiti kotisoli, homoni ya msongo, na jinsi inavyogusa kumbukumbu. Nusu ya wasomaji wangu ni watu wa homoni, nusu ni watu wa ubongo, na kila upande una majarida yake na lugha yake. Namba ikipanda nilishinda na furaha. Ikisimama wiki nzima, nilianza kuitilia shaka kazi yenyewe.

Kilichonitoa huko ni fomu ya kupandishwa cheo. Ilitaka nieleze mchango wa machapisho yangu, nami nikaona vibaya kuandika jumla tupu. Nikakaa siku tatu nikisoma makala zilizoninukuu, moja baada ya nyingine. Nyingi zilinitaja mwanzoni mwa utangulizi, jina langu limebanwa katikati ya majina mengine matano, kuthibitisha kwamba msongo huathiri kumbukumbu, jambo ambalo wala sikuwa wa kwanza kulisema. Moja ilinibebesha kauli iliyo kinyume kabisa na nilichoandika.

Halafu nikafika kwenye makala yangu ndogo niliyodhani imekufa. Inahusu ukusanyaji wa mate ya kupimia kotisoli, basi. Kotisoli hupanda haraka na kufika kilele dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku. Mshiriki akiandika kwenye kichupa "saa 1 asubuhi" bila kusema aliamka saa ngapi, sampuli hiyo ni ngumu kuitafsiri. Ndiyo maana lebo yetu ina mistari miwili: kuamka, kutema. Walioinukuu ni wachache mno, lakini karibu wote walifanya hivyo kwenye sehemu ya mbinu, na wawili walikuwa wameichukua mistari ile kama ilivyo. Hao walibadilisha kitu mezani kwao kwa sababu ya tulichoandika.

Sisemi namba utupe. Kamati zinaziangalia, kwa hiyo zielewe kuliko kamati. Fahirisi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, maana yake ni rahisi: ukiwa na 12, makala zako 12 zimenukuliwa angalau mara 12 kila moja. Inampendelea aliyekaa muda mrefu, na haijui kama ulinukuliwa kwa kuungwa mkono au kwa kupingwa.

Tena kuna kazi zilizoenea hadi hazinukuliwi. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakiwa katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, waligundua kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa insulini hutengeneza kingamwili dhidi yake. Jarida la Science liliikataa makala yao. La pili nalo lilikataa kwanza, likaja kuichapisha mwaka 1956 baada ya neno "kingamwili" kuondolewa kwenye kichwa cha makala. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa njia ya kupima homoni hata ikiwa kidogo mno kwenye damu. Hawakuichukulia hataza. Yalow alipewa Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972. Mgonjwa anapopokea majibu yake ya homoni leo, karatasi ile haina jina la yeyote kati yao.

Kwa upande wa ubongo, mimi humfikiria Bruce McEwen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 1968 yeye na wenzake walionyesha kwamba kotikosteroni, ndugu wa kotisoli katika mwili wa panya, hushikwa na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Mwanafunzi wake, Robert Sapolsky, alikwenda Kenya kupima homoni za msongo kwa nyani wa porini. Nikisoma wasifu wa mtafiti, hilo ndilo ninalolitafuta: baada yake, nani alianza kuuliza swali ambalo zamani halikuulizwa?

Kwa hiyo fungua faili la kawaida kabisa. Kila unaponukuliwa, soma aya yenyewe, kisha andika mstari mmoja: utangulizi, mbinu, matokeo au pingamizi. Hifadhi humo pia barua pepe za watu wanaokuomba maelezo. Fomu yangu niliijaza kutoka kwenye faili hilo, aya mbili tu, na makala ya mate niliiweka juu.

Na ukimkuta aliyekunukuu kinyume, mwandikie kwa adabu, umtajie ukurasa. Mimi niliandika. Alijibu baada ya wiki moja, akaomba data.