Alumini kutoa unga mweupe kwenye ripiti

Kaka, umeuliza kama hilo bomba la alumini linaloshika tanga la mashua yako kwa chini lichomelewe pale palipovimba rangi kuzunguka ripiti (pini za kubania) za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Usichomelee kwanza. Moto wa kuchomelea hulegeza alumini ngumu pembeni ya mshono, na bomba linaweza kukunjika hapohapo upepo ukikaza.

Mimi ni fundi wa madirisha ya alumini hapa Dodoma, mbali na bahari, lakini ugonjwa huu naujua. Nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi, fremu huanza kuliwa palepale penye skrubu ya chuma. Alumini ikigusana na chuma au stenlesi kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Toboa ripiti zote uzitoe. Kwangua unga mpaka uone alumini inang'aa, kwa msasa, siyo steliwaya ya kawaida, maana chembe zake za chuma hubaki na kuanzisha kutu upya. Kisha chokonoa mashimo kwa ncha ya bisibisi. Ikizama au bati likibonyea, weka kiraka cha alumini kwa ripiti. Pakiwa pameliwa mzunguko mzima, badilisha bomba. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka praima, yaani rangi ya kwanza, ya kupakia alumini.

Ukirudisha vifaa vya stenlesi kwenye bomba, weka kipande cha plastiki katikati yake na bomba, na kila skrubu ipakwe dawa ya kutenganisha metali. Baada ya kila safari mwagia maji yasiyo na chumvi, hadi ndani ya bomba. Tafadhali usilipuuze tatizo hili, mlingoti nao ukague.