Umanjano si ukale: Tangazo la Uhuru la dola 5

Swali: Shikamoo Mama. Naishi Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani. Jumamosi nilinunua fremu kuukuu kwa dola 5 kwa jirani aliyetandaza vitu vyake mbele ya gereji. Kufungua mgongo wake nikakuta karatasi ya Tangazo la Uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai 1776, na sahihi zote zipo. Imeiva manjano, ina mikunjo, na ukiigusa inalia kama majani makavu. Ukubwa ni kama sentimita 35 kwa 40. Pamoja nayo kulikuwa na noti ya dola 1,000 ya Bank of the United States, ya mwaka 1840, namba 8894. Shemeji anasema niipanguse kwa maji ya limau madoa yatoke, kisha niitie laminesheni. Nimekutumia picha za fremu. Na kuna jamaa mtandaoni naye ameona picha, anataka dola 150 anipe cheti kwamba ni halisi. Nimtumie? — M.

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimtumie. Na limau lirudi jikoni.

Noti nitaimaliza haraka, maana naijua hata kabla sijaiona. Tangu nianze kazi hii ya kuhifadhi nyaraka nimeletewa noti hiyo mara nyingi mno, na kila mara namba ni 8894. Hakuna benki inayotoa maelfu ya noti kwa namba moja. Ni nakala za ukumbusho zilizochapwa karne iliyopita, zikauzwa kwenye maduka ya zawadi pamoja na kofia na vikombe. Huyo wa cheti angekuwa anaijua kazi yake, namba hiyo peke yake ingetosha akuambie ukweli bila kukutoza senti. Hakukuambia, basi ushamjua ni mtu wa namna gani.

Sasa karatasi yako. Unaniambia ina sahihi zote na ina tarehe 4 Julai. Usiku wa siku hiyo, Philadelphia, mchapaji John Dunlap alipiga nakala zinazokadiriwa kufika 200 ili zipelekwe kwa majimbo na kwa jeshi. Zinazojulikana kubaki leo ni 26. Kwenye nakala za Dunlap hakuna sahihi hata moja. Chini kuna jina la John Hancock, rais wa Bunge la wakati huo, na la katibu wake Charles Thomson, yote mawili kwa herufi za chapa. Ile ya sahihi 56 ni hati nyingine kabisa, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na watu walianza kuitia sahihi tarehe 2 Agosti. Soma kichwa chake. Kama kinasema tangazo ni la "kauli moja" ya majimbo 13, hakikuandikwa tarehe 4, kwa sababu siku hiyo New York walikuwa bado hawajapiga kura. Waliridhia tarehe 9, na Bunge likaagiza kichwa kipya tarehe 19.

Hati hiyo ya ngozi ni moja tu duniani na iko Washington, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ni kubwa karibu mara mbili ya yako kwa urefu na kwa upana, na wino wake umefifia hata sahihi nyingi hazisomeki. Ilitundikwa miaka 35, kuanzia 1841, ikitazamana na dirisha, jua likafanya kazi yake. Kama kwenye yako unaisoma sahihi ya Hancock bila kukaza macho, unachokitazama ni picha ya picha: wachapaji wa nakala za ukumbusho huiga bamba la shaba alilolichonga William Stone kwa amri ya John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, likakamilika mwaka 1823. Nakala rasmi za Stone zilichapwa kwenye ngozi, ni kubwa kama hati yenyewe, na juu zina mstari mdogo unaotaja jina lake na la Adams. Hizo zina thamani kubwa. Yako ya sentimita 40 si mojawapo.

Najua hadithi iliyokunyima usingizi. Mwaka 1989 mtu alinunua fremu kwa dola 4 huko Adamstown, Pennsylvania, akakuta nyuma ya picha karatasi imekunjwa. Mwaka 1991 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Hadithi ni ya kweli. Lakini ile ilikuwa ya Dunlap, nami nimeshakwambia za Dunlap hazina sahihi.

Linalonichosha kuliko yote limo kwenye maneno yako mwenyewe: "imeiva manjano, inalia kama majani makavu." Umelitaja kama ushahidi wa ukale. Kila mtu analitaja hivyo, na ni kinyume chake. Karatasi ya 1776 haikutoka kwenye mti. Ilitoka kwenye matambara ya kitani na pamba: nguo kuukuu zilioshwa, zikavundikwa, zikapondwa kwenye maji mpaka zikawa uji, kisha fundi akauteka uji huo kwa chekeche ya waya, jani moja moja, na baadaye likachovywa kwenye gundi ya ngozi na kwato. Wakati wa vita vya uhuru matambara yalikuwa adimu hata magazeti yakawabembeleza akina mama wasitupe vitambaa. Nyuzi za karatasi ile ni ndefu na ngumu. Nimeshika gazeti la karne ya 18 likakunjika mkononi kama leso, jeupe la maziwa, na nimeshika gazeti la 1926 likamwagika mapajani kama ukoko wa wali. La pili ni la mti uliosagwa, karatasi iliyoenea baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hiyo ndiyo inayogeuka manjano na kukatika, kwa sababu asidi yake inaitafuna kutoka ndani.

Watengeneza nakala za ukumbusho wanalijua hilo vizuri sana. Wanajua pia mnunuzi anataka nini, kwa hiyo wanaipa karatasi rangi ya chai na mikunjo ya bandia kabla haijatoka kiwandani. Usiponiamini, iinue mbele ya dirisha. Karatasi ya matambara ya enzi zile mara nyingi inakuonyesha mistari ya waya, myembamba iliyosongamana, na mingine inayoikata kila baada ya sentimita mbili na ushei. Kisha pitisha kidole nyuma yake taratibu, macho umefumba. Herufi za madini ya risasi zilikandamizwa, nyuma zinaacha vinundu unavyovisikia kwa ncha ya kidole. Yako, nakuhakikishia, itakuwa laini kama kalenda ya ukutani.

Lakini usije ukayachukua majaribio haya nawe ukaenda kuandika vyeti. Karatasi halisi ya kale pia haithibitishi kitu. Mark Hofmann, tapeli wa Utah, alichukua karatasi ya karne ya 17, akatengeneza wino wake mwenyewe, akatoa "Kiapo cha Mtu Huru", andiko lililochapwa Massachusetts mwaka 1639 ambalo hakuna nakala yake iliyobaki. Likapelekwa mpaka Maktaba ya Bunge, likitakiwa dola milioni moja na nusu. Wataalamu wa kweli walilikagua wakasita kusema neno. Oktoba 1985, madeni yalipomkaba, alitega mabomu yaliyoua watu wawili. Yuko gerezani maisha. Basi mtu anayethibitisha hati kwa kutazama picha ya simu amewapita wapi hao?

Na si Tangazo peke yake. Wanakuja na hati za ardhi za magharibi, Illinois na Missouri, wakihema: "Imesainiwa na Rais Andrew Jackson!" Tangu Machi 1833 sheria ilimruhusu katibu kuziandikia jina la rais, kwa sababu walowezi walikuwa wengi na mkono wa rais ni mmoja. Chini ya jina la rais pana neno dogo linalosema "kwa mkono wa", halafu jina la katibu. Wauzaji huipiga picha hati wakalikata neno hilo. Kumbukumbu za hati hizo serikali ya Marekani imeziweka mtandaoni, unazitazama bure, kwa hiyo ukidaiwa pesa ili utafutiwe, kataa.

Kuhusu shemeji. Mniwie radhi, lakini limau ni asidi, na asidi ndiyo ugonjwa wenyewe. Jiki nayo inakula nyuzi, doa linaondoka leo na karatasi inaondoka baada ya miaka michache. Ngozi ikilowa inajikunyata kama kiganja cha mzee na haikunjuki tena. Laminesheni inayeyusha plastiki juu ya wino kwa moto, hakuna wa kuitoa. Aliwahi kuniletea mama mmoja barua ya babu wa babu yake, ya miaka ya 1790, halisi kabisa, imetiwa plastiki kwenye duka la fotokopi. Nilichoweza kufanya ni kumkaribisha chai.

Karatasi yako itundike ukutani ukipenda, ni picha nzuri. Ila kwenye picha yako ya tatu, pale ulipobandua mgongo wa fremu, naona kipande cha gazeti kimetumika kuzibia, na pembeni kuna safu ya matangazo. Usikichane wala usikiloweshe. Nipigie picha ya kona ya juu kulia, kwa mwanga wa dirishani bila flashi, nione kama tarehe inasomeka.