Opera redioni: maswali kutoka kandokando ya Ziwa

*Nimesoma kwamba opera ya Metropolitan, New York, hurushwa redioni Jumamosi saa 7 mchana. Nimezungusha FM zote sijaipata. Siku nilipoipata kwa intaneti, usiku, nikakuta watu wanapiga soga tu. Nakosea wapi? (Nyakato)*

FM usihangaike nazo. Matangazo haya huku kwetu yanapatikana kwa intaneti, kwenye tovuti au programu ya redio inayoyarusha. WQXR ya New York ni mojawapo. Hiyo saa 7 mchana ni ya kwao. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba New York huwa nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo fungua saa 3 usiku. Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele, nasi tunaisikia saa 2 usiku. Ulaya hungoja hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani redio zote zimebadilika pamoja. Opera ndefu nayo huanza mapema zaidi, basi tazama ratiba ya wiki husika.

Waliokuwa wanaongea si kosa lako, uliangukia mapumziko. Kati ya tendo (sehemu ya opera) na tendo huweza kupita hata nusu saa ya mazungumzo. Usizime. Matangazo hayo yameanza tangu Desemba 25, 1931, na mazungumzo ya mapumziko ni sehemu ya mila yake.

Tia alama pia Desemba 7. Siku hiyo La Scala, jumba la opera la Milano, hufungua msimu, na redio ya taifa ya Italia, RAI Radio 3, huirusha moja kwa moja. Pazia likifunguliwa saa 12 jioni kwao, hapa Mwanza ni saa 2 usiku.

*Bando la kiasi gani litatosha opera nzima? (Igoma)*

Inategemea redio inatuma kwa kiwango gani. Kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 kwa saa, yaani MB 175 hivi kwa opera ya saa tatu pamoja na mapumziko yake. Kilobiti 320 hula MB 144 kwa saa. Redio nyingi zina njia ya kiwango cha chini pia. Kilobiti 64 za aina ya AAC, njia mojawapo ya kubana sauti, hula MB 29 kwa saa na bado waimbaji wanasikika vizuri, ila fidla hupoteza mng'ao kidogo. Zima programu zinazojisasisha zenyewe. Kisha angalia bando linaisha saa ngapi: opera iliyoanza saa 3 usiku inaweza kuvuka saa 6, na bando la siku likifika mwisho usiku wa manane litakukatia tendo la mwisho, ambamo kwa kawaida ndimo msiba ulimo.

*Huku Nansio inakatakata kila usiku, na mvua ikinyesha ndiyo sisikii kabisa. (Ukerewe)*

Hayo ni matatizo mawili. La kukatakata: juu ya maji hakuna mlima wa kuzuia mawimbi, kwa hiyo simu iliyo ufukweni hunasa minara ya mbali ng'ambo na kuhamahama kati ya huo na ule. Kaa upande wa nyumba unaotazama mnara wa karibu, simu iweke dirishani, halafu uvute sauti kwa waya. Usiisogeze tena. Ukiwa na njia ya kilobiti 64, ichague kabla ya kuanza. Na ukishafungua, bonyeza kusimamisha kwa dakika moja kisha uendelee. Baadhi ya programu huweka akiba ya sauti katika dakika hiyo, nayo hukuvusha mtandao unapolegea.

La mvua ni mabati. Mvua ya ziwani hupenda usiku, na hakuna spika itakayoishinda bila kuharibu sauti. Vaa spika za masikioni zile za kuziba tundu la sikio. Ukiongeza sauti kushindana na mvua, mvua itakatika ghafla katikati ya kelele za okestra, na masikio yako ndiyo yatakayolipa.

*Mimi ni mwanakwaya, naimba besi. Nilisikiliza Te Deum, ule wimbo wa sifa wa kanisa, ya kwenye opera ya Tosca kwa simu, ikawa kama bati linakwaruzwa. Nikahamia sabufa, ikawa ngurumo tupu. (Kirumba)*

Umegusa mahali penyewe. Mwisho wa tendo la kwanza la Tosca, mtunzi wake Puccini ameweka kengele nzito zinazopishana kwa noti mbili tu, kinanda cha kanisa, kwaya, na mizinga inayotangaza kwamba mfungwa ametoroka. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa kengele zile, hivyo unabaki na mikwaruzo ya juu. Sabufa inazitoa, lakini zetu nyingi zimetegwa kwa ajili ya disko: kitufe cha besi kiko mwisho, na simu nayo imewashwa kuongeza besi. Besi mbili hizo zikikutana zinammeza Scarpia, baritoni anayeimba juu ya kwaya nzima.

Fanya hivi. Zima nyongeza ya besi kwenye simu. Kitufe cha besi cha sabufa kirudishe chini ya nusu, treble iache katikati. Sauti ya simu iwe robo tatu, iliyobaki ongezea kwenye sabufa. Toa sabufa pembeni mwa chumba, maana kona hukuza besi, na spika ndogo zipandishe zilingane na masikio yako ukiwa umekaa. Kama inavuma hata muziki ukiwa kimya, chomoa chaja ya simu. Mara nyingi mvumo unatoka huko.

Kosa kubwa zaidi ni kupima sauti mahali pa upole. Te Deum huanza chini, mtu anaongeza, kisha mizinga inafika na kila kitu kinapasuka. Bahati nzuri Tosca hukupa kipimo mapema: mapigo matatu mazito ya okestra, ndiyo ya kwanza kabisa kusikika. Hayo yawe makubwa bila kutikisa kabati, halafu mkono wako ukae mbali na kitufe mpaka mwisho.

Na kabla ya Te Deum yenyewe, sikiliza kwaya inavyonong'ona *Adjutorium nostrum in nomine Domini*, "msaada wetu u katika jina la Bwana." Mwanakwaya Mkatoliki hapo hahitaji mkalimani.

*Sijui Kiitaliano. Nitafuataje hadithi? (Sengerema)*

Anza na La bohème, iliyoimbwa mara ya kwanza Torino, Februari 1, 1896. Matendo manne, muziki usiofika saa mbili. Soma muhtasari wa tendo moja tu kabla halijaanza. Ukisoma yote mapema yatachanganyika. Kisha gawa watu kwa sauti, kama unavyogawa kwaya: Rodolfo tenori, Mimì soprano, Marcello baritoni, Colline besi.

Katika tendo la kwanza, marafiki wakishatoka, mlango unabishwa. Mshumaa wa Mimì umezimika, ufunguo wake umeanguka, wanapapasa sakafuni gizani hadi mkono wa Rodolfo unaugusa wake. Rodolfo anaanza *Che gelida manina*, "mkono mdogo ulioje wa baridi," kwa sauti ya chini karibu ya kusema. Ukariri wimbo huo. Katika tendo la nne Mimì, mgonjwa kitandani, anaurudia kwa pumzi iliyobaki, na utajua anakumbuka nini bila neno la Kiitaliano. Baadaye kidogo uimbaji unakoma, watu wanasemezana tu. Hapo Mimì ameshafariki, na Rodolfo ndiye wa mwisho kujua.

*Mbona wanapiga makofi katikati? (Musoma)*

Ndiyo desturi, hasa kwa opera za Kiitaliano: aria, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja, ikiisha vizuri, mwimbaji anapongezwa palepale. Na ukisikia sauti yake ikififia kisha kurudi, mtandao hauna kosa. Waimbaji hawa hawashiki maikrofoni. Zile za redio zimewekwa mahali pamoja jukwaani, nao wanatembea.

*Nianze na Wagner? (Bukoba)*

Bado. Huyo mtunzi Mjerumani ana opera ndefu: Das Rheingold peke yake ni saa mbili na nusu bila mapumziko. Sikiliza kwanza opera mbili tatu fupi. Ukirudi kwake, jaza chaji ya simu na pawabenki kabla ya noti ya kwanza, kwa sababu hutapata nafasi ya kuinuka.