Usishone vifuko vya lavenda kabla bua halijavunjika

Dada mleta uzi, weka sindano chini kwanza. Umesema mashada yako ya lavenda, yale maua ya zambarau ya kunukia, yamening'inia siku 12 hapo Dar, maua "yanachakarika", na kesho unashona vifuko 20 vya kuweka kwenye kabati la nguo za harusi. Umeuliza pia shada la mlangoni, chungu cha barazani na mafuta ya kudondoshea mito. Leo najibu la kabati tu, maana ndiko kwenye hasara.

Ua la lavenda linadanganya. Ni jembamba, linakauka mapema, ukilifikicha linalia, kumbe bua na kikombe cha ua (kile kinachoshika petali) bado vina maji. Ukilifungia ndani ya bafta, kitambaa chepesi cha pamba, ukalisokomeza katikati ya nguo zilizokunjwa na kufunga mlango, maji yale yanahamia kwenye kitambaa. Kwanza utasikia harufu ya godoro lililolowa, kisha vidoti vyeusi. Mimi niliharibu kanzu mbili na doti nne za kanga kwa njia hiyo. Ukungu ukishaingia kwenye uzi, sabuni haiutoi. Jiki inafifisha tu, tena kwa pamba nyeupe; ukiigusisha hariri, umeimaliza.

Aliyeniuzia aliapa kwamba wiki mbili zinatosha, na video zote zinaimba hivyo hivyo. Wiki mbili ni za Provence, kusini mwa Ufaransa, ambako lavenda huvunwa Julai, kiangazi, hewa imekauka. Kumpa mtu wa Tanga au Mombasa kipimo hicho bila kumtajia unyevu wa pwani ni kumtia hasarani, na linanichoma mpaka leo.

Kwa hiyo usihesabu siku. Chukua bua la katikati ya shada, si la pembeni, ulikunje. Likipinda, rudisha shada juu. Linatakiwa livunjike kwa mlio kama njiti ya kiberiti. Kisha pukuchua maua kidogo, yatie kwenye chupa ya kioo iliyokauka, funika saa 24. Kioo kikitoa umande, bado. Ukiwa na mizani ya jikoni, pima shada siku tatu mfululizo; uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka.

Mashada yako ni manene mno kwa picha uliyoweka. Yagawe, mabua 40 au 50 kwa fungu, ufunge kwa rababendi, si uzi, kwa sababu mabua husinyaa na uzi utayaachia yote sakafuni. Ning'iniza vichwa chini, gizani, feni ikipuliza mbali kidogo. Chumba chenye kiyoyozi ni bora zaidi, kwani kiyoyozi kinavuta unyevu. Wakati wa masika kukauka kunaweza kufika wiki tano. Usikimbilie jua: linapausha zambarau na kurusha mafuta unayoyatafuta. Mafuta hayo yamo kwenye vitezi, vifuko vidogo sana vya kikombe cha ua, kwa hiyo petali zikidondoka usihangaike, ila maua yenyewe usiyasage.

Kuna aliyekujibu kwamba bibi zetu waliweka asumini mbichi na haikuoza. Kikuba, kile kishada cha asumini, huvaliwa kibichi usiku mmoja, asubuhi kinatupwa. Asumini ya kitandani vivyo hivyo. Hakuna aliyeifungia sandukuni miezi sita.

Yakishakauka kweli, vijiko vikubwa vitatu vinatosha kifuko cha sentimita 8 kwa 10. Tumia bafta au melimeli, nailoni hapana. Kitundike kwenye henga, kisilale juu ya nguo, na ukiminye kila baada ya wiki mbili ili vitezi vipasuke. Harufu ikififia, fungua mshono udondoshe matone mawili ya mafuta ya lavenda kwenye maua yenyewe, uyaache kwenye bakuli hadi mafuta yanywewe ndipo ushone tena. Yakigusa hariri yanaacha doa.

Ila leo usiku vunja bua kwanza, uniambie hapa limelia au limepinda.