Simu haina laini, GPS imekufa, na bado inajua uko Umoja

Ndugu uliyeuliza kama simu yako ina virusi, kwa sababu GPS (kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha ulipo) ilikufa ilipoanguka, laini umetoa, na ramani bado inakuweka mtaa wa Umoja, Nairobi: hakuna virusi. Majirani ndio wamekuchoma, yaani wamekutaja uliko bila kujua.

Kila ruta ya waifai hutangaza namba yake ya kipekee muda wote, hata ikiwa na nywila. Simu yako inazisikia zote za majirani kwenye ploti bila kujiunga nazo. Kupitia hiyo waifai moja unayotumia, inatuma orodha kwa Google au Apple, nayo inajibiwa ziko wapi. Wao walijuaje? Simu za wapita njia zenye GPS nzima ziliwapelekea. Si jambo geni: iPhone ya kwanza haikuwa na GPS kabisa, na mwaka 2008 ilianza kujitafuta kwa waifai na minara ya simu.

Mimi ni fundi simu Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, haya nayaona mezani. Simu nyingi antena ya GPS imebandikwa kwenye kifuniko cha ndani. Ukikitoa, programu ya kupima setilaiti haishiki hata moja, lakini kidoti cha buluu kimetulia juu ya jengo letu. Sasa zima waifai pamoja na ule utafutaji wake unaoendelea chinichini (uko kwenye mipangilio ya mahali, wengi hawaujui), uache laini peke yake. Duara la kukisia linalozunguka kidoti linavimba hadi linameza barabara za jirani, River Road na Tom Mboya. Hapo imebaki na mnara tu.

Mnara nao si mjinga. Kwenye 2G mtandao hupima mawimbi yamechelewa kiasi gani, kwa hatua za kama mita 550, na antena zake kwa kawaida zimegawanywa pande tatu. Kwa hiyo hata kabambe (simu ndogo ya vibonyezo) hupatikana, ila kwa kukisia. Mjini minara imesongamana, afadhali. Huko Kajiado mmoja unalisha kilomita nyingi.

Kuna mteja alihamisha saiba yake (duka la intaneti) na ruta zote mbili kutoka Nakuru hadi Ruiru, jengo jipya lisilo na waifai nyingine. Akiwa ndani, simu inasema Nakuru, kwa sababu inasikia ruta zake tu, na orodha bado inazikumbuka ziko kule. Akitoka barabarani, Ruiru. Alitaka niiflashi (niweke programu upya)! Nilimwambia asubiri, na baadaye ikajirekebisha.

Usiyetaka ruta yako itumiwe na Google, malizia jina la waifai na _nomap.