Windows imegoma kuwaka: namna ya kuokoa nywila zilizohifadhiwa kwenye Firefox, Thunderbird na Chrome

Mkuu, kwanza mwambie huyo fundi asikupigie Windows upya. Umesema mashine inaishia kwenye skrini ya bluu, nywila zako ziko Firefox na Chrome, imeili ya ofisi iko Thunderbird, na hukumbuki hata moja. Kazi za hivi zinapita sana mezani kwangu. Jibu linategemea ni programu ipi, maana kila moja inaficha kivyake.

Firefox na Thunderbird ni ndugu, na ndizo rahisi. Nywila zinakaa kwenye faili liitwalo logins.json, ufunguo wake uko kwenye key4.db, na yote mawili yamo folda moja. Kufuli na ufunguo vimelala kitanda kimoja! Chomoa diski, itie kwenye kava la USB, ichomeke mashine nyingine. Ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski nzima) wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu. Ruhusu folda zilizofichwa zionekane, kisha ingia Users, jina lako, AppData, Roaming, Mozilla, Firefox, Profiles. Ya Thunderbird iko humohumo Roaming kwa jina lake. Utakuta folda yenye herufi za ovyo mbele na default-release nyuma. Nakili mafaili hayo mawili pamoja, moja bila la pili halina kazi. Programu ikiwa imefungwa, yabandike kwenye profaili mpya, yaani folda kama hiyo kwenye mashine nzima, maana yanafuta nywila zilizokuwamo.

Kuna mama mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi aliniletea diski ya namna hii. Kijana aliyewafungulia imeili alishaacha kazi na simu hapokei. Tukabandika mafaili, tukafungua Thunderbird, mipangilio, faragha na usalama, nywila zilizohifadhiwa. Ikatokea mistari mitatu: mmoja unaanza na imap (wa kupokea barua), mwingine smtp (wa kutuma), yote miwili ya seva ya kampuni yao. Nikabofya zionyeshwe, nywila ni ileile sehemu zote mbili, akainakili nyuma ya risiti ya EFD. Mstari wa tatu ulikuwa wa Gmail, umeandikwa oauth, na mbele yake mlolongo mrefu wa herufi. Hiyo siyo nywila, ni tokeni, yaani kibali ambacho Google huipa programu iingie bila nywila. Mwaka 2022 Google ilizuia programu kuingia kwenye akaunti za watu binafsi kwa nywila ya kawaida, kwa hiyo ukikuta hivyo usihangaike, ingia upya tu. Ila kama uliwahi kuweka nywila kuu kwenye Firefox yenyewe, bila hiyo hapafunguki kitu.

Chrome ndiyo kichwa ngumu. Faili lake linaitwa Login Data, lakini ufunguo umefungwa na Windows kwa kutumia akaunti yako na nywila unayowashia mashine. Ukilihamishia kwingine na kulifungua utaona majina ya tovuti na majina ya kuingilia, nywila zenyewe ni takataka tupu. Basi anza na passwords.google.com: kama ulikuwa umeingia na akaunti yako ya Google na kuruhusu nywila zioanishwe, zote ziko huko na kazi imeisha. Kama hukuruhusu, dai Windows hiyohiyo itengenezwe mpaka iwake. Na fundi asikufutie nywila ya Windows kwa fleshi, kama wanavyopenda. Akaunti itafunguka kweli, ila Chrome itashindwa kusoma ilichohifadhi. Ikishafanyika na unaikumbuka nywila ya zamani, irudishe ileile, mara nyingi mambo hukaa sawa.

Programu za kufichua nywila zipo, kama za NirSoft, na ni za bure. Antivirusi itapiga kelele, ndiyo kawaida yake kwa kazi hiyo. Zichukue kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue kwenye kiungo cha kundi la Telegram, kwani nyingi za huko zinampelekea mtu mwingine nywila hizohizo unazookoa. Tena tangu toleo 127 la mwaka 2024 Chrome ya Windows imeongeza kinga nyingine, kwa hiyo zile za zamani zinagonga mwamba.

Ukifika kwenye Profiles ukakosa logins.json ila ukaona signons.sqlite na key3.db, hiyo ni Firefox ya zamani mno. Andika hapa toleo lake, utaratibu wake ni tofauti kidogo.