Nane Nane huanza Aprili

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, maonesho ya Nane Nane bado ni ya mkulima, au yamegeuka soko la nguo na vyombo vya plastiki? Mimi ni mkulima wa viazi na maharage, si mbali na Uyole, Mbeya. Kwa miaka tisa nimekuwa miongoni mwa kinamama wanaotunza vipando vya maonesho katika Uwanja wa John Mwakangale. Jibu langu ni kwamba bado ni ya mkulima, na kinachoyabakiza mikononi mwake ni watu wasiolipwa ambao mgeni hawaoni.

Anayeingia getini tarehe 1 Agosti anakuta mahindi yamebeba, kabichi zimefunga, maharage yana maganda mabichi. Nje ya uzio, mashamba ni mabua na vumbi. Watu hupiga picha na kupita, bila kujiuliza kijani hicho kimetoka wapi wakati mvua zetu hukata Mei. Kimetoka kwenye madumu na ndoo. Kila zao lina hesabu yake: mahindi ya huku kwenye baridi hukomaa taratibu, kwa hiyo mbegu inaingia ardhini Aprili. Maharage yanasubiri mwishoni mwa Mei, maana ukiyawahisha, wageni watakuta yamekwisha kukauka. Kabichi hutoka kitaluni Juni. Bwana shamba ndiye anayepanga na kupima nafasi, mbegu na mbolea tunaletewa, lakini kupalilia, kumwagilia na kuamka kukagua kama baridi ya usiku imeunguza majani ni kazi yetu ya zamu. Posho hakuna. Nauli kila mtu na yake.

Mwaka mmoja maji ya bomba yalikatika siku nne, mwishoni mwa Julai, wakati mahindi yanajaza punje. Tulichota mtoni. Alikuwepo bibi mmoja aliyevuka miaka sitini, hatukumwita kwa sababu tulimwonea huruma, naye alisikia akaja na ndoo yake. Hakumwaga maji kwa ndoo kama sisi. Aliinama shina kwa shina na kopo la nusu lita, anafukua kidogo udongo kwa vidole, anamimina, anafunika kwa udongo mkavu ili jua lisiyavute. Mistari yake ilisimama hadi kilele. Yetu sisi wenye haraka ilikunja majani. Tangu hapo wote tunamwagilia kwa kopo, na nyumbani kwangu pia.

Ndiyo maana nasema mkulima bado ana cha kuchukua pale. Kipeperushi hukuambia zao linavyotakiwa kuwa. Aliyelitunza kipandoni atakuambia lilivyokuwa: kwamba mstari wa tatu ulikatwa na sota, yule kiwavi anayekata miche, ukapandwa upya, kwamba mbegu hii huvumilia baridi na ile haivumilii. Mimi mwenyewe nilianza kupanda maharage ya Njano Uyole baada ya kumhoji mama aliyekuwa akiyapalilia. Nilimwamini kwa sababu kucha zake zilikuwa na udongo kama zangu.

Na si vipando peke yake. Nenda kwenye mabanda ya mifugo saa kumi na moja alfajiri. Utamkuta mfugaji aliyeleta ng'ombe wake wa maziwa kutoka Rungwe amejifunika blanketi juu ya majani makavu, ubavuni mwa ng'ombe. Halali nyumba ya wageni, maana ng'ombe akiwa ugenini hakubali kukamuliwa na mkono asioujua, na asipokamuliwa ataugua kiwele. Kwa hiyo mtu huyo anakaa siku zote nane katika baridi yetu ya Agosti, ili watoto wa shule wasimame mbele ya ng'ombe na kuuliza maswali. Na anajibu yote. Wale vijana wa vyuo vya kilimo wanaoelekeza wageni jua kali nao nawashukuru sana.

Mnayolalamikia nayajua. Spika za wauzaji zinamzidi sauti afisa ugani, na kuna mabanda ambayo hayana hata punje moja ya mbegu. Hilo linaniuma. Lakini wenye umri wangu tunakumbuka siku yetu wakulima ilivyokuwa Saba Saba, 7 Julai, kabla ya kuhamia 8 Agosti, na sikukuu haikufa kwa kuhama. Mwaka 2022 kilele cha kitaifa kilikuwa hapa kwetu, na Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea katika uwanja huu huu. Kwa mkulima ambaye mwaka uliotangulia alishindwa bei ya mfuko mmoja, lile halikuwa jambo la maonesho tu.

Langu moja ninalolisema kwa uchungu ni hili. Mwaka fulani, siku ya kilele, kinamama watano tuliomwagilia tangu Juni tulizuiwa getini kwa kuwa hatukuwa na vitambulisho. Tulilipa kiingilio kwenda kuona mahindi yetu. Hatukugombana na mtu, ila mmoja wetu hakurudi tena mwaka uliofuata, na alikuwa na mkono mzuri wa kabichi.

Mbele ya kila kipando huwa kuna kibao: jina la mbegu, nafasi ya kupanda, aina ya mbolea, mwenye banda. Naomba waandaaji waongeze mstari mmoja chini yake, majina ya waliokitunza. Rangi ya kuandikia tutachanga wenyewe. Mgeni akitaka kuuliza atajua amtafute nani, na yule mama wa kabichi nitakuwa na kitu cha kumpelekea nikienda kumwomba arudi.

Mvua zilikata wiki iliyopita, na zamu tumeshagawana. Yangu ni Jumanne na Ijumaa.